Chapa za mawe za Honoré Daumier: geuza karatasi kabla ya kuitazama picha

Matangazo ya wauzaji husema kitu kilekile karibu kila mara: "Daumier, litografia halisi, karne ya 19." Litografia ni chapa ya jiwe: picha huchorwa juu ya jiwe, kisha huchapwa kwenye karatasi. Na mara nyingi tangazo ni kweli. Shida ni kwamba maneno hayo yanaifaa karatasi ya gazeti inayouzwa kwa makumi ya euro, na yanaifaa vilevile nakala ya mnadani inayouzwa kwa maelfu. Wakati mwingine picha ni ileile na jiwe ni lilelile. Anayenunua kwa kutazama picha peke yake anaweza kulipa bei ya moja akapelekewa nyingine, na hatakuwa na la kudai, kwa sababu hakudanganywa.

Kwanza tujue ni bidhaa ya nani. Daumier, mchoraji wa vikaragosi wa Ufaransa, alizaliwa Marseille mwaka 1808, baba yake fundi vioo aliyekuwa na ndoto za ushairi. Familia ilihamia Paris, na kijana akawa tarishi wa ofisa wa mahakama, kisha msaidizi katika duka la vitabu pale Palais-Royal, kabla ya kujifunza kuchora juu ya jiwe. Kutoka hapo hakuacha hadi 1872, macho yalipokuwa yamemchoka. Alifariki Valmondois mwaka 1879. Orodha rasmi ya kazi zake, iliyotungwa na Loys Delteil na kutolewa kati ya 1925 na 1930, ina nambari zinazokaribia 4,000. Kwa hiyo kila chapa yake inatambulika kwa herufi LD na nambari: LD 131, LD 135, LD 3248. Muuzaji asiyetaja nambari hiyo aulizwe. Akishindwa kuitaja, bei yake ni ya kukisia.

Wingi huo ndio uliofanya Daumier awe bingwa ambaye mtu wa kipato cha kawaida bado anaweza kumiliki kazi yake halisi. Lakini ndio pia uliofanya ubora utofautiane vibaya, na ili kuuona utofauti huo lazima ujue jiwe linavyofanya kazi.

Jiwe ni la chokaa, lile bora likitoka Solnhofen huko Bavaria. Husuguliwa kwa mchanga na maji hadi uso wake uwe na vinundu vidogo sana. Mchoraji hutumia krayoni ya nta, sabuni, shahamu na masizi, na krayoni hiyo hugusa vichwa vya vinundu tu, ikiacha vishimo vilivyo kati yake. Akikandamiza zaidi, mafuta hushuka chini na weusi huongezeka. Kisha jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyochanganywa na asidi kidogo ya naitriki, ili pasipochorwa pashike maji na palipochorwa pashike wino wa mafuta. Baada ya hapo, kwa kila nakala moja, fundi hulowesha jiwe, hupitisha rola ya wino, hulaza karatasi na kuisukuma chini ya ubao wa mashine unaokandamiza kwa nguvu.

Kila hatua ina namna yake ya kuharibika, na alama za uharibifu hubaki kwenye karatasi. Asidi ikizidi, kijivu chepesi hufutika na uso wa mtu hubaki mweupe kama haukuchorwa. Ikipungua, vishimo hujaa wino taratibu. Jiwe likikauka kabla rola haijapita, ukungu mchafu hutokea hata pasipochorwa. Hata fundi hodari akifanya kila kitu sawasawa, gazeti lilihitaji maelfu ya nakala, na kadiri nakala zilivyoongezeka ndivyo sehemu nyeusi zilivyozidi kuzibana.

Basi ukiikagua chapa ya Daumier, usianze na uso wa mhusika ingawa ndio unaochekesha. Anza na weusi mkubwa: joho la wakili, koti la bwana mwenye nyumba, kivuli cha mlangoni. Katika nakala nzuri, ndani ya weusi ule utaona mikunjo ya kitambaa, na mara nyingi mikwaruzo mieupe ambayo Daumier aliitia kwa ncha ya kisu ili kurudisha mwanga. Katika nakala iliyochoka, joho ni doa moja. Halafu hamia kwenye kijivu cha ukuta wa nyuma, utazame kama punje zinaonekana moja moja au zimeungana. Mwisho ndipo utazame shavu na paji la uso, kwa sababu kivuli chepesi cha hapo ndicho cha kwanza kupotea asidi au rola ikikosewa. Lenzi inayokuza mara kumi inatosha kabisa.

Sasa geuza karatasi.

Ukikuta maandishi ya gazeti nyuma, umeshika kipande cha Le Charivari, gazeti la kila siku lililoanzishwa na Charles Philipon Desemba 1832. Lilikuwa na kurasa nne na picha ilikaa ukurasa wa tatu, ndiyo maana nyuma yake kuna ukurasa wa nne, ambao mara nyingi umejaa matangazo ya biashara. Herufi za uchapaji, za madini ya risasi, zilikandamizwa kwa nguvu, hivyo zinaweza kuonekana upande wa picha kama kivuli au kama vijinundu, hasa mahali peupe. Kwenye picha yenye anga wazi hili linakera. Kwenye picha ya ndani ya nyumba yenye giza hutalitambua. Tarajia pia mstari wa kukunjwa katikati ya picha, kwani gazeti lilifikishwa kwa wateja likiwa limekunjwa, na matundu ya uzi ukingoni kushoto iwapo nakala ilitolewa kwenye juzuu lililojalidiwa. Wakati mwingine kuna muhuri mdogo wa kodi ya magazeti. Wapo wanaouchukia wakaukata. Ni kosa, kwa sababu muhuri huo ni ushahidi mzuri, na ukingo uliokatwa hushusha bei kuliko muhuri wenyewe.

Karatasi ya miaka ya 1830 na 1840 ilitengenezwa kwa matambara na imedumu vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ikiwa haikukaa juani, bado inakunjika bila kupasuka. Karatasi za magazeti za miaka ya mwisho ya Daumier ni dhaifu zaidi: hubadilika rangi kuanzia pembeni na kumeguka kwenye mikunjo. Kwa hiyo chapa ya 1868 yenye ukingo mpana na usiobanduka ina nafasi yake hata kama picha yake si maarufu.

Nyuma ikiwa tupu na karatasi ni nene kidogo, huenda una kile ambacho wafanyabiashara wa Paris hukiita "sur blanc", yaani nakala iliyopigwa kwenye karatasi nyeupe isiyo ya gazeti. Hizi ziliuzwa na duka la Aubert, mchapishaji wa Daumier aliyekuwa shemeji wa Philipon, kwa wakusanyaji na kwa watu waliotaka albamu za mfululizo mzima. Zilipigwa kwa uangalifu zaidi, na ukiilaza moja kando ya nakala ya gazeti ya jiwe lilelile, tofauti utaiona bila lenzi: kijivu kinapumua, weusi una kina, na hakuna herufi inayochungulia kutoka nyuma. Bei yake mara nyingi ni maradufu ya ile ya gazeti au zaidi, na kwa maoni yangu inastahili, mradi picha yenyewe inategemea kijivu. Kwa picha za mistari mitupu, kama nyingi za miaka ya 1860 mwishoni, faida ni ndogo na pesa zako ni bora zibaki mfukoni.

Hapa wengi huteleza: nyuma tupu pekee haithibitishi "sur blanc". La Caricature, gazeti la wiki la Philipon lililoanza Novemba 1830 na kufungwa 1835, lilitoa picha zake kwenye karatasi za peke yake zisizo na maandishi nyuma. Hizo ni nakala za kawaida za gazeti hilo, ingawa karatasi yake ni nzuri kuliko ya Le Charivari. Soma jina la gazeti juu ya picha kabla ya kukubali kulipa zaidi.

Juu ya hizo zote zipo nakala za majaribio zilizopigwa kabla maneno ya chini hayajaongezwa. Baada ya sheria za Septemba 1835 kila picha ilibidi ipitishwe na wakaguzi wa serikali, hivyo baadhi ya nakala hizi zina maelezo yaliyoandikwa kwa mkono. Ni chache, ni ghali, na si za mnunuzi wa kwanza.

Kundi la siasa la 1831 hadi 1835 lina soko lake. Desemba 1831 Daumier alimchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu Gargantua, ameketi akimezeshwa magunia ya fedha ya wananchi huku chini yake zikidondoka tuzo na vyeo. Alihukumiwa miezi sita jela na faini ya faranga 500, akafungwa Sainte-Pélagie kuanzia Agosti 1832. Faini zilipozidi kumwandama, Philipon alianzisha L'Association mensuelle: wanachama walichanga kila mwezi na kupokea chapa moja kubwa, fedha ikaenda kulipa faini. Ndiko zilikotoka, mwaka 1834, kazi zinazotafutwa kuliko zote: Le Ventre législatif (LD 131), wabunge wanene waliopangwa kwenye viti vyao, nyuso zikitokana na sanamu ndogo za udongo alizozifinyanga mwenyewe, ambazo 36 ziko katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris; Ne vous y frottez pas (LD 133), mpiga chapa aliyesimama amekunja ngumi akiulinda uhuru wa magazeti; na Rue Transnonain, le 15 avril 1834 (LD 135).

Hiyo ya mwisho ndiyo bora kuliko zote alizowahi kuchora, na nadhani ndiyo litografia kubwa kuliko zote za karne hiyo. Aprili 1834 wanajeshi waliingia katika nyumba moja ya mtaa huo wakaua wakazi. Daumier hakuchora askari wala risasi. Alichora chumba baada ya tukio: mwanamume mwenye nguo ya kulalia ameangukia kando ya kitanda, shuka limeburutwa, na chini ya mwili wake yuko mtoto mchanga. Mwanga wote umeangukia shati na shuka, yaani umeangukia karatasi tupu. Kwa sababu hiyo hali ya karatasi hapa ni kila kitu. Nakala iliyogeuka kahawia imepoteza nusu ya picha. Polisi walilichukua jiwe na kuharibu nakala walizozipata, ndipo uhaba ulipoanzia. Nakala nyingi za L'Association mensuelle zina mkunjo wa wima katikati. Huo ni wa asili na haupaswi kukutisha, ila uliza kama umebandikwa kitu kwa nyuma. Bei ni ya maelfu mengi ya euro. Usiinunue kwa picha ya simu.

Baada ya 1835 siasa zilizuiwa, na Daumier akageukia jamii. Robert Macaire, tapeli anayeuza hisa, dawa na dini kwa sauti ileile tamu, alitoka kwenye picha 100 kati ya 1836 na 1838. Zinachekesha bado, lakini maneno ya chini ni marefu na yalitungwa na Philipon, na asiyesoma Kifaransa anakosa nusu ya utani. Hilo ni jambo la kukumbuka kwa Daumier wote: maneno mengi chini ya picha ni ya wahariri. Chagua picha inayosimama bila maneno.

Histoire ancienne (1841 hadi 1843, picha 50), ambamo mashujaa wa Ugiriki wana vitambi na miguu ya vijiti, inasimama bila maneno na bado haijapanda bei kupita kiasi. Kinyume chake ni Les Gens de justice (watu wa mahakama) ya 1845 hadi 1848. Ni nzuri, sikatai. Majoho yale meusi yalimfaa Daumier kuliko mtu yeyote. Lakini mawakili wa dunia nzima huzinunua kwa ajili ya kuta za ofisi, na bei inabeba mahitaji hayo bila kujali ubora wa nakala. Nimeona joho lililoziba kabisa likiuzwa kwa bei ya "sur blanc" safi ya mfululizo mwingine. Picha za madaktari zina ugonjwa huohuo.

Mwaka 1860 Le Charivari lilimwachisha kazi, likamrudisha mwishoni mwa 1863. Katikati ya hapo alichorea Le Boulevard, gazeti la Carjat, ambamo tarehe 25 Mei 1862 alimweka mpiga picha Nadar kwenye kikapu cha puto juu ya Paris iliyojaa vibao vya studio za picha (LD 3248). Picha hiyo ilitolewa tena katika mfululizo wa Souvenirs d'Artistes, na nakala za huko hazilingani thamani na za gazeti la kwanza. Soma maandishi yote ya pembeni kabla ya kuamua.

Kwa nakala za kuelekea 1870 na baada yake kuna mtego wa kiufundi. Ili kuharakisha kazi, mchoro ulihamishiwa kwenye bamba la zinki lililochimbwa kwa asidi kwa njia ya Gillot, likachapwa pamoja na maandishi kama herufi za kawaida. Mchoro ni wa Daumier, lakini kilichogusa karatasi si jiwe. Chini ya lenzi, kingo za mistari ni kali, wino umesukumwa pembeni, na karatasi ina unyayo kidogo kwa nyuma. Ni kitu halali cha kukusanya, ila bei iwe ya chini, na muuzaji aseme wazi.

Kuhusu sahihi: Daumier alitia "h.D." juu ya jiwe, ikachapwa pamoja na picha. Desturi ya kusaini kila nakala kwa penseli na kuandika nambari kama 12/50 ilishika baada ya zama zake. Chapa yake yenye penseli ya namna hiyo iache palepale ilipo.

Rangi nayo ichunguzwe. Aubert alitoa albamu zilizotiwa rangi kwa mkono, kwenye karatasi nyeupe, na ndani ya weusi wake mara nyingi unaona mng'ao wa gundi. Rangi juu ya karatasi ya gazeti yenye maandishi nyuma karibu kila mara imeongezwa baadaye na mtu aliyetaka kupandisha bei. Utaijua kwa sababu imepenya ikatokea kwenye matangazo ya ukurasa wa nne.

Bandia zenyewe, yaani kurasa zilizokatwa kutoka vitabu vya karne ya 20, hutambulika upesi. Vidoti vilivyopangwa mistari sawasawa ni uchapaji wa kisasa. Kijivu kisicho na punje, chenye vijimikunjo kama minyoo midogo, ni uchapaji wa picha kwa jelatini. Karatasi inayong'aa samawati chini ya taa ya urujuanimno imetiwa kemikali za kung'arisha ambazo Daumier hakuzikuta duniani. Na karatasi nyeupe mno, laini kama tishu, bila hata doa moja la kahawia, huenda ni halisi lakini imeoshwa kwa klorini. Itaendelea kudhoofika ukutani kwako.

Kwa ununuzi, Hôtel Drouot mjini Paris huuza mafungu ya Daumier mara kwa mara, na hapo fungu la karatasi kadhaa za Le Charivari linaweza kuwa na bei nafuu kwa kila moja kuliko dukani. Kumbuka tu kwamba juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho, kuna ada ya mnada na kodi, ambazo kwa pamoja mara nyingi huzidi robo ya bei. Wauza vitabu wa kando ya mto Seine wanazo pia, ila huko ndiko kurasa za vitabu zinakochanganyika na chapa halisi kwenye pipa moja la plastiki, kwa hiyo beba lenzi. Dukani utalipa zaidi, lakini duka zuri litakuandikia nambari ya LD, hatua ya uchapaji na aina ya karatasi kwenye risiti. Risiti isiyo na mambo hayo matatu haina maana ukitaka kuuza kesho.

Chapa ikifika nyumbani, usiibandike kwa selotepu wala usiigandamize kwenye kadi. Fundi wa fremu atumie kadi isiyo na asidi, vibawaba vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, juu tu, karatasi ining'inie huru. Kioo kiwe cha kuzuia miale ya urujuanimno na mwanga usizidi lux 50. Nakala ya gazeti isinyooshwe kwa pasi: unyevu na joto huziyeyusha alama za herufi za nyuma, na mkunjo wa katikati hugeuka mpasuko.

Na kabla ya kulipa, fungua Gallica, hazina ya mtandaoni ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, ambako matoleo ya Le Charivari yanasomwa bure. Tafuta toleo la tarehe iliyoandikwa kwenye chapa yako, ukurasa wa tatu, ulinganishe maneno ya chini neno kwa neno, kisha ukurasa wa nne ulinganishe na picha ya nyuma ambayo muuzaji amekutumia. Kama hajakutumia picha ya nyuma, mwombe. Akisita, tafuta mwingine; katika chapa karibu 4,000 hutakosa.